Ngome ya Duart: Jinsi Ilivyopotea kwa Deni na Kurudi kwa Wenyewe



Msafiri apandaye meli katika bandari ya Oban, upande wa magharibi wa nchi ya Uskoti, akaelekea kisiwa cha Mull, hukaa baharini kwa muda usiotimia saa moja. Kabla ya kufika huona, upande wa mkono wake wa kushoto, rasi ya majabali iliyojitokeza baharini, na juu ya majabali hayo imesimama ngome ya mawe ya kijivu, mnene na isiyo na mapambo. Jina lake ni Duart, na katika Kigaeli, lugha ya wenyeji wa zamani wa visiwa vile, maana yake ni Rasi Nyeusi.

Ngome zilizopiganiwa ni nyingi mno katika Ulaya, na nyingine zina habari za vita kubwa kuliko za Duart. Lakini habari za Duart zina jambo moja linalostahili kusikilizwa na kila mtu mwenye shamba, au mwenye tamaa ya kuwa na shamba. Ukoo ulioishika ngome hii uliilinda miaka mia tatu kwa panga na mashoka. Kisha ukanyang'anywa kwa karatasi.

Kwanza yapasa kufahamu ukoo ulikuwa nini katika nchi hiyo. Watu wa milimani na visiwani huko Uskoti waliishi kwa koo, na kila ukoo ulikuwa na mkuu wake. Neno "Mac" lililo mwanzoni mwa majina yao maana yake ni "mwana wa", kama watu wa pwani wasemavyo "bin". Hata hivyo si kila mtu wa ukoo aliyekuwa wa damu ya mkuu. Wengi walichukua jina lake kwa kuwa waliishi katika nchi yake na kumfuata vitani. Mkuu alikuwa na haki ya kuwaita vijana washike silaha, na watu nao walikuwa na haki ya kutazamia kwamba mkuu atawapa mahali pa kulima na pa kuchungia ng'ombe. Haki hiyo ya pili haikuandikwa po pote. Ilikuwa katika vinywa vya watu na katika mioyo yao tu, na jambo hilo baadaye liliwaletea hasara isiyo kifani.

Ukoo wa Maclean hujihesabu kuwa uzao wa mtu aliyeitwa Gillean wa Shoka la Vita, aliyeishi katika karne ya 13. Ukuta wa kwanza wa Duart ulijengwa katika karne hiyo hiyo, walakini si kwa mikono ya Maclean. Inasadikiwa kuwa wajenzi ni ukoo wa MacDougall, waliokuwa na nguvu katika pwani ile siku hizo. Akina Maclean waliipata ngome kwa njia ya arusi. Katika mwaka wa 1367 Lachlan Lubanach Maclean alimwoa Mary, binti wa John wa Islay, aliyeitwa Bwana wa Visiwa. Huyu John alikuwa mkuu wa MacDonald, mwenye mashua za vita nyingi, na hata mfalme wa Uskoti hakuweza kumwamuru kila alilotaka. Wazee husimulia kwamba Lachlan na ndugu yake Hector walimteka John, wakamshika mpaka alipoikubali posa. Kama ni kweli, basi mahari yalilipwa kwa namna ya ajabu! Lililo hakika ni kwamba katika mwaka wa 1390 Donald, mwana wa John na shemeji wa Lachlan, alimpa Lachlan hati ya kuishika Duart.

Lachlan alikuwa mtu wa akili. Alijenga mnara mkubwa nje ya ukuta wa zamani, mahali palipokuwa na kisima, hata kisima kikawa ndani ya kuta. Unene wa kuta hizo ni futi kumi na zaidi. Watu wawezao kuchota maji bila kufungua lango hawalazimiki kutoka upesi, hata adui akipiga kambi nje mwezi mzima. Tena kutoka juu ya mnara ule mlinzi aliweza kuona kila chombo kilichopita katika mlango wa bahari wa Mull, kwa maana njia kuu ya nchi ile ilikuwa maji, na aliyeishika Duart aliishika njia.

Kutoka ngomeni huonekana mwamba mmoja baharini ambao maji yakijaa hufunikwa, na maji yakipwa huwa wazi. Mwamba huo huitwa Mwamba wa Bibi, na jina lake lina sababu. Mkuu mmoja wa baadaye, Lachlan Cattanach Maclean, alimwoa binti wa Earl wa Argyll. Earl wa Argyll ndiye mkuu wa ukoo wa Campbell, ukoo ambao utatajwa mara nyingi katika habari hii. Arusi ilikusudiwa kuleta amani kati ya koo hizi mbili. Haikuleta. Husimuliwa kwamba Lachlan alimchoka mkewe, akamchukua usiku kwa mashua, akamwacha juu ya mwamba ule bahari ijae na kummeza. Asubuhi mwamba ulikuwa mtupu, naye akatuma salamu za msiba kwa shemeji zake. Kumbe wavuvi walimsikia yule mama akilia, wakamwokoa na kumfikisha kwao. Lachlan alipokwenda kwa Campbell kuomboleza, alimkuta mkewe ameketi mezani. Hakuna aliyemgusa siku ile. Lakini katika mwaka wa 1523, alipokuwa Edinburgh, Lachlan aliuawa usiku na Sir John Campbell wa Cawdor, ndugu wa yule mwanamke. Mambo ya mashua na mwambani ni masimulizi ya wazee. Mauaji ya Edinburgh ni jambo la hakika.

Wakuu waliofuata waliishi kwa vita. Mashuhuri kati yao ni Sir Lachlan Mor, yaani Lachlan Mkubwa. Katika mwaka wa 1588, merikebu za Hispania ziliposhindwa na Waingereza na kutawanywa na dhoruba, moja ilitia nanga Tobermory, katika kisiwa hicho hicho cha Mull. Lachlan aliwapa Wahispania chakula, nao wakampa askari wa kwenda kuwapiga jirani zake. Baadaye merikebu ile ililipuka hapo bandarini. Lachlan mwenyewe aliuawa mwaka wa 1598 katika kisiwa cha Islay, akipigania ardhi na akina MacDonald, ambao ni wajomba zake wa kale. Tangu Lachlan wa kwanza yapata miaka mia mbili ilikuwa imepita, na ngome ilikuwa bado mikononi mwa Maclean.

Sasa tufikie habari za deni.

Akina Maclean walikuwa matajiri wa ng'ombe na wa watu. Fedha taslimu walikuwa nazo kidogo sana. Ulimwengu wa wazee wao haukuhitaji fedha nyingi: mpangaji alilipa kwa jibini, shayiri, na mifugo, tena kwa kuitika baragumu la vita. Lakini serikali ya mfalme ilidai kodi ya ardhi kwa fedha. Tena katika mwaka wa 1609 wakuu wa visiwa walitiwa sahihi mapatano ya Iona, ambayo, pamoja na mambo mengine, yaliwataka wawapeleke watoto wao kusomeshwa kusini. Baadaye walitakiwa pia kufika Edinburgh mara kwa mara mbele ya baraza la serikali. Haikuwa vibaya mtoto asome. Lakini safari hizo zilikuwa na gharama, na mkuu akifika mji mkuu hakukubali kuonekana maskini mbele ya wakuu wenzake. Alinunua mavazi, akapanga nyumba, akafanya karamu. Fedha hizo alikopa. Katika mwaka wa 1631 Sir Lachlan Maclean alipewa na mfalme cheo cha Baronet, na heshima ikaongezeka, na gharama kadhalika.

Archibald Campbell, Marquess wa Argyll, alikuwa mtu wa sheria na hesabu. Yeye aliona jambo ambalo babu zake hawakuliona. Mtu aliyemkopesha Maclean, akiwa amechoka kungoja, alikuwa tayari kuiuza hati yake ya deni kwa mtu mwingine, apate walau sehemu ya mali yake. Mnunuzi akawa Campbell. Maclean alilala akidaiwa na mfanya biashara wa mjini. Akaamka akidaiwa na adui wa ukoo wake. Hati moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, na faida ikazidi kuongezeka juu ya deni mwaka baada ya mwaka. Hapakuwa na mapigano, wala hapana mlinzi wa mnarani ambaye angaliweza kuwaona wakija.

Akina Maclean wangaliweza kulipa kama wangalipata muda wa amani. Hawakuupata. Vita vya wafalme wa akina Stuart vilipozuka, walisimama upande wa mfalme, na tarehe 20 Julai, 1651, Sir Hector Maclean alikuwa uwanjani Inverkeithing akipigana na jeshi la Cromwell. Yasemwa kwamba ndugu kadhaa wa nyumba moja walimzunguka mkuu wao, na kila mmoja alipoanguka mwingine aliingia mahali pake akipaza sauti, "Mwingine kwa ajili ya Hector!" Wote walikufa, na Hector akafa. Kati ya mamia ya wana wa Maclean waliokwenda vitani siku ile ni wachache sana waliorudi Mull. Mrithi alikuwa mtoto mdogo, Sir Allan. Hivyo ukoo ulipoteza vijana wake na mkuu wake siku moja, na deni likabaki hai kama lilivyokuwa.

Miaka miwili baadaye Cromwell alipeleka merikebu sita kuwaadhibu akina Maclean. Askari walipofika Duart waliikuta ngome tupu. Watu walikuwa wameondoka na kumficha mkuu wao mtoto. Kisha, tarehe 13 Septemba, 1653, dhoruba kali ikavuma, na merikebu tatu zikazama pale pale mbele ya ngome. Mojawapo, iliyoitwa Swan, ilionekana tena chini ya bahari mwaka wa 1979 na mpiga mbizi wa jeshi la majini, na wataalamu wakatoa humo mbao zilizochorwa kwa ustadi, saa ya mfukoni, na mifupa ya baharia. Bahari iliwalipia akina Maclean kisasi, lakini haikuwalipia deni.

Marquess wa Argyll alikatwa kichwa mwaka wa 1661 kwa hukumu ya uhaini. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha, kwa sababu hati ya deni hurithiwa kama shamba linavyorithiwa. Mwanawe, Earl wa tisa, alirudishiwa mali ya baba yake, na pamoja nayo madai juu ya Maclean. Sheria iliruhusu mdai aichukue ardhi ya mdaiwa, na mahakama ilikubali. Katika mwaka wa 1674 Sir Allan alikufa kijana, akiacha mtoto mwanamume, Sir John, mwenye umri wa miaka minne. Mwaka ule ule Earl alivuka bahari na jeshi lake kuingia Mull. Watu wa kisiwa walikataa kuondoka, maana kwa fikira zao nchi ilikuwa ya ukoo, na karatasi ya Edinburgh haikuweza kuihamisha. Walipinga kwa miaka kadhaa. Lakini Campbell alikuwa na kibali cha serikali cha kutumia moto na upanga, na hatimaye alishinda.

Hapa msikilizaji mwadilifu atauliza: Je, Campbell alidhulumu? Kwa sheria ya nchi, hakudhulumu. Deni lilikuwa deni, na sahihi zilikuwa za wakuu wa Maclean wenyewe. Lakini waliokopa walikuwa watu wachache waliokula karamu Edinburgh, na waliolipa walikuwa wachungaji na wavuvi ambao hawakuionja hata tonge moja, wala hawakuulizwa.

Earl huyo naye alikatwa kichwa, mwaka wa 1685, kwa kumwasi Mfalme James. Tumaini likafufuka katika Duart. Sir John alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, aliwaongoza watu wake katika vita vya Killiecrankie, tarehe 27 Julai, 1689, kumpigania James aliyekuwa amepoteza kiti chake. Walishinda siku ile, lakini jemadari wao aliuawa, na vita vikapotea. Katika mwaka wa 1691 Earl wa kumi wa Argyll alifika na askari, na Duart ikatolewa mikononi mwa Campbell. Sir John alikufa mwaka wa 1716, bila kuipata tena.

Wakuu waliomfuata walikuwa wakuu wa watu wasio na nchi. Sir Hector, mwana wa Sir John, alikamatwa Edinburgh mwaka wa 1745, akafungwa London, na mwisho alifia Roma. Ukoo ulipigana kwa mara ya mwisho kama ukoo katika uwanja wa Culloden, tarehe 16 Aprili, 1746, chini ya Charles Maclean wa Drimnin, naye akafa hapo. Ngome ilitumiwa na askari wa serikali mpaka mwaka wa 1751. Walipoondoka hakuna aliyefunga mlango. Paa likaanguka, mvua ikaingia, kondoo wakalala katika ukumbi.

Kwa watu wa kawaida mabadiliko yaliingia kwa njia nyingine. Katika mwaka wa 1737 Duke wa Argyll alimtuma mwanasheria Duncan Forbes wa Culloden kwenda Mull, Morvern, na Tiree kupangisha mashamba upya. Tangu siku hiyo shamba lilipewa mtu aliyeahidi kodi kubwa kuliko wengine, hata kama babu wa mpangaji wa zamani alikufa Inverkeithing. Baadhi waliahidi zaidi ya walivyoweza kulipa, kwa hofu ya kuhamishwa. Karne iliyofuata mashamba mengi yaligeuzwa kuwa malisho ya kondoo, na viazi vikaingia ugonjwa. Watu wakapanda merikebu kwenda Kanada na Australia. Kisiwa kilichokuwa na watu zaidi ya 10,000 mwaka wa 1821 kina watu yapata 3,000 siku hizi. Katika mabonde yake bado zinaonekana kuta fupi za nyumba zisizo na paa, na hizo ni nyingi kuliko ngome.

Ngome yenyewe iliuzwa mara kadhaa pamoja na mashamba yaliyoizunguka, kama mtu auzavyo ng'ombe na kengele yake.

Fitzroy Donald Maclean alizaliwa mwaka wa 1835. Husemwa kwamba alipokuwa mvulana alipelekwa na baba yake kuyaona magofu, akasema kwamba siku moja ataishi humo. Watoto husema mengi. Akawa askari, akaenda vita vya Crimea, akapanda vyeo, akarithi cheo cha Baronet na ukuu wa ukoo. Katika mwaka wa 1911, akiwa mzee wa miaka 76, aliinunua Duart kutoka kwa familia ya Guthrie waliokuwa na milki ile. Hakudai haki ya babu zake mbele ya mahakama. Alilipa bei kwa fedha, akatiwa hati, na kumwita Sir John Burnet, mjenzi mashuhuri wa Glasgow, aijenge upya.

Tarehe 24 Agosti, 1912, akina Maclean walikusanyika Duart kutoka nchi nyingi, wajukuu wa wale waliopanda merikebu. Bendera ya mkuu ilipandishwa juu ya mnara, miaka 221 baada ya kushushwa. Sir Fitzroy aliishi mle ngomeni miaka mingine ishirini na zaidi, akafa mwaka wa 1936, umri wake miaka 101.

Mrithi wake ni kitukuu cha ukoo anayekumbukwa na watu wengi wasiopata kulisikia jina la Duart. Sir Charles Maclean, ambaye baadaye aliitwa Lord Maclean, alikuwa mjukuu wa Sir Fitzroy. Kuanzia mwaka wa 1959 alikuwa Mkuu wa Maskauti wa Jumuiya ya Madola, cheo alichokishika mpaka mwaka wa 1975, akiongoza kazi iliyoanzishwa na Lord Baden-Powell, ambaye kaburi lake li Nyeri tangu mwaka wa 1941. Lord Maclean alikufa mwaka wa 1990, na mwanawe, Sir Lachlan, akarithi ukuu na ngome, na jina la yule Lachlan wa kwanza.

Adui aliyebaki ni mvua. Katika majira ya baridi ya 2013 hadi 2014 dhoruba zilipiga rasi ile kwa nguvu, maji yakapenya katika kuta, na dari za vyumba vingine zikaanguka. Ukoo ukaomba msaada kwa jamaa zake walio katika pande zote za dunia, na mafundi wakapanda juu ya majukwaa kutengeneza mapaa na kujaza chokaa kati ya mawe. Wageni hulipa kiingilio langoni, huonyeshwa ukumbi, hupanda ngazi za mawe mpaka juu ya mnara. Na maji yakiwa yamepwa, huonyeshwa na Mwamba wa Bibi.